Pete ya Mpira Uliyoniachia Niitunze

Kaka yangu Danieli,

Salamu sikupi. Leo ningekuona ningekushika kola ya lile koti lako la kizungu nikutikise mpaka meno yagongane. Nina hasira na wewe, kaka. Hii ni siku ya tisa ninashinda nayo na kulala nayo, nimeshindwa kuimeza, ndiyo maana nimetafuta karatasi nikakaa kuandika kwa herufi ulizonifundisha mwenyewe.

Asumani amerudi. Asumani yule yule wa karakana ya reli, Mrangi wa Kondoa, mliyekuwa mkila naye sahani moja. Tangu siku uliyokufa Wadachi walikuwa wamemfunga mnyororo, akivunja mawe ya barabara. Na mimi mwaka mzima nimeamini kwamba yeye ndiye aliyekuua. Nilimwambia mama hivyo. Nilimwambia kila aliyekuja kutupa pole. Mama alimlaani mbele ya zizi, akamtaja yeye na baba yake, na mimi nilisimama pembeni nikiitikia kwa sauti kubwa. Kumbe! Sasa nimeshajua nani alifanya nini na nani alinyamaza, na wewe umo, tena wewe ndiye wa kwanza.

Unakumbuka ilivyoanza? Ulikuja nyumbani Jumapili moja, hujaketi, hujanywa hata maji, ukaokota kijiti ukachora mavumbini kitu kirefu chenye tumbo. Ukasema, "Huu ni mtumbwi. Lakini hauelei. Unazama kwa makusudi, halafu unapanda tena." Mama akauliza, "Unazama wapi?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Huku kwetu Ugogo, ambako kiangazi tunafukua mchanga wa mto mkavu mpaka mtu anaingia shimoni hadi mabega ndipo apate kata moja ya maji, leo mtu mzima anaunda mtumbwi wa kwenda chini ya maji! Ukanuna. Ukasema Bwana Miwani anazo picha za vyombo vya namna hiyo vilivyoundwa kwao, na kwamba reli ikifika ziwani Ujiji atakipakia chake behewani akakizamishe kule, na wewe ndiye utakayekuwa ndani.

Bwana Miwani, yule fundi mkuu wenu. Jina lake la kweli wewe uliweza kulitamka, mimi ulimi ulikataa. Alikuwa na tangi kuukuu la maji la gari-moshi, mkaliweka nyuma ya nyumba yake pale Dodoma, na kila mlipotoka kazini mkawa mnalifanyia kazi nyinyi wawili na Asumani. Nilikuja kucheka, sikufichi, nikabaki kushangaa. Mlilikata, mkalipiga rivati, mkalitia kidirisha cha kioo kinene kama kitako cha chupa. Ndani palitosha mtu mmoja tu, magoti yamegusa kidevu. Juu mkaacha mdomo wa kuingilia, upana wa mabega yako, na mfuniko wa chuma wa kuukaza kwa parafujo kumi na mbili. Nilizihesabu. Zote zilikazwa kwa nje. Nikakuuliza, "Na aliye ndani akitaka kutoka?"

"Atagonga kwa nyundo," ukasema. "Mara moja, ni salama. Mara mbili, vuteni."

Ulijibu kama mtu anayeulizwa njia ya kisimani.

Sasa pale mdomoni ndipo palipowasumbua. Chuma juu ya chuma, hata ukikaza vipi, maji yanapita. Lazima katikati kuwe na pete ya kitu laini, kikibanwa kijaze kila mwanya. Na hapo ndipo mliponikumbuka mimi, mchunga ng'ombe, mlainisha ngozi. Ulikuja mwenyewe kunichukua. Njia nzima ulikuwa ukiniambia, "Bwana anataka mtu anayejua ngozi, nami nikamwambia ninaye ndugu, hakuna kama yeye kutoka hapa mpaka Makutupora." Nilijisikia, kaka. Nilitembea kifua mbele kutoka nyumbani mpaka mjini.

Zile wiki tulizojaribu pete ndizo ninazozikumbuka kuliko zote, na ndizo zinazonichoma. Tulichukua chungu cha chuma cha mpishi wa Bwana Miwani, tukatia ndani konzi ya unga wa uwele, tukaweka pete mdomoni, tukabana mfuniko, tukakizamisha ndani ya hori la kunyweshea ng'ombe na jiwe juu yake. Asubuhi tunafungua, tunatia kidole. Ngozi ya mbuzi: unga umekuwa uji. Asumani akasema, "Lete sukari basi tunywe," tukacheka mpaka Bwana Miwani akatoka nje kutazama. Katani iliyolowekwa lami: unga mkavu kabisa, lakini mfuniko uligoma, ukaupiga patasi nusu saa ndipo ukaachia, na wewe mwenyewe ukasema aliyemo ndani atakuwa ameshakwenda zake. Halafu ikaja yangu, ngozi ya shingo ya dume, niliyoikuna, nikaikanyaga kwa miguu siku nne na kuipaka samli mpaka ikakubali kukunjwa. Nikailoweka kwanza, ikavimba, ikabana. Unga mkavu! Ulinipiga mgongoni, ukapiga kelele, "Mdogo wangu huyo!"

Lakini ukaiacha juani, kwenye mfuniko, mpaka adhuhuri. Jua letu hili la Dodoma. Ikanywea hata kidole changu kikapita kati yake na chuma. Kisha Bwana Miwani akaleta pete ya mpira kutoka kwao, nyeusi, nzito, ikajaribiwa ikiwa imelowa, ikajaribiwa ikiwa kavu, ikajaribiwa baada ya jua. Kila mara unga mkavu. Mpira ulinishinda kwa haki, nakubali, wala sikatai hata leo.

Ambacho sikukubali ni kicheko chako. Bwana Miwani aliinua ngozi yangu kwa vidole viwili akasema kitu kwa Kijerumani, na wewe ukacheka. Nikakuuliza amesema nini. Ukasema, "Anasema hii ni ya washenzi, wafungie ngoma zao." Ukanitafsiria, kaka! Ungeweza kunidanganya. Nilizoea mzungu kuniita mshenzi, hiyo haikuwa habari. Lakini wewe ulikuwa bado unacheka uliponitafsiria. Nikaichukua ngozi yangu nikaitia mkobani nikarudi nyumbani, na hatukusemezana mpaka mvua zikaisha.

Halafu ukaja na ile pete. Uliingia ndani ya tembe bila kupiga hodi, ukaitoa kwenye kitambaa. Ulisema karakana ina bati juu na joto lake linaukausha mpira, tena panya wameanza kuutamani, na wewe unatumwa Tabora na gari-moshi siku sita. "Nakuachia wewe. Itunze kama unavyotunza ngozi zako." Hayo ndiyo maneno yako, nayakumbuka yote. Mama alikuwepo, anapeta uwele, aliyasikia.

Nikaitunza. Nilitaka nini zaidi? Ndugu yangu amenirudia, tena kaniamini kwa kitu ambacho Bwana mwenyewe anakithamini. Nikaitundika mahali penye ubaridi, mbali na moshi. Na kila jioni nikaishusha, nikachota samli ya mama kwenye kibuyu, nikaipaka taratibu ndani na nje, nikaivuta, nikaiminya, kama ninavyofanya ngozi isikakamae. Siku ya tatu ikaanza kung'aa. Siku ya tano ikawa laini hata ukiibonyeza inabaki na alama. Nikafurahi! Nikamwambia mama, "Tazama, hata mpira unasikia mkono wangu." Nikaifunga tena kwenye kitambaa chako ili uikute imependeza.

Siku ya sita ulipita mbio, umetoka garini, ukachukua kitambaa bila kukifungua, ukaniambia nilete ng'ombe wanne Ihumwa, kwenye lambo la reli, wavute chombo kutoka kituoni mpaka majini.

Nilikuja na ng'ombe, mkoba wangu begani, na ile pete yangu ya ngozi bado imo. Watu walikuwa wamejaa. Mkubwa wa boma mwenyewe alikuja na askari wake, akaketi kitini chini ya mwavuli. Tulikiburura chombo mpaka ukingoni, mkasimamisha miti mitatu na mnyororo wa kukishushia, na wanaume kumi na wawili wa kuushika. Mimi nikawarudisha ng'ombe kivulini nikawa nawasugua jasho. Niliwaona wewe na Asumani mmeinama juu ya mdomo wa chombo, mnafungua kitambaa. Mlikaa muda. Niliona Asumani anakuambia kitu kwa mikono yote miwili. Nilidhani mnabishana juu ya parafujo.

Kisha ukaja kwangu. Ukavua koti ukanipa nishike. Ukaweka mkono begani pangu, ukasema, "Umeitunza vizuri, mdogo wangu."

Mwaka mzima nimekuwa nikiyashukuru maneno hayo. Nilikuwa nikijiambia, angalau tulipatana, angalau aliondoka ameniridhia. Mungu wangu!

Uliingia. Asumani akakaza parafujo zote. Mkateremshwa, wewe na lile dude, maji yakafunika mfuniko, mapovu yakapanda kidogo yakanyamaza. Tukasikia kwenye mnyororo, ngo. Mara moja. Watu wakapiga makofi, na yule mkubwa wa boma naye akapiga. Bwana Miwani alishika saa yake mkononi, anachekelea. Kisha, ngo ngo. Mara mbili. Mimi nilisikia. Kila mtu alisikia. Wale wanaume wakakaza mikono. Bwana Miwani akainua kidole, macho bado kwenye saa, akasema, "Bado. Bado kidogo." Alimtazama mkubwa kwanza. Alitaka dakika tano zake zitimie mbele ya mgeni! Ngo ngo. Ngo ngo ngo ngo. Hapo akapiga kelele, "Vuta!" na kumi na wawili wakavuta, na chombo kikakataa, kwa sababu kilikuwa kimejaa maji.

Nilikimbia na ng'ombe wangu. Niliwafunga kwenye ule mnyororo, nikawapiga. Sijawahi kuwapiga ng'ombe vile. Walikitoa. Lakini zilibaki parafujo kumi na mbili, Asumani anazifungua moja moja, na hakuna aliyegonga tena ndani.

Nilikutoa mwenyewe. Nilikulaza majanini nikakukumbatia, sikusikia tena la mtu. Nilichoona kwa mbali ni Bwana Miwani ameshika ile pete, inavutika mkononi mwake kama ugali mbichi, anainusa, anapiga kelele, "Mafuta! Nani ametia mafuta?" Halafu niliona askari wanamshika Asumani. Jioni mtu wa reli akatueleza: Asumani amekiri, aliishika pete kwa mikono yenye mafuta ya mashine, na mafuta huuoza mpira. Nikasema, basi ndiye. Mafuta ya mashine. Hata sikuwaza samli. Nani anawaza samli? Kwetu sisi samli ni dawa, ni baraka, mtoto anazaliwa anapakwa, bwana harusi anapakwa, ngozi inapakwa. Ningejuaje kuwa kuna kitu duniani kinachokufa kwa kupakwa samli?

Siku tisa zilizopita nilimwona Asumani anakuja, mchana kweupe, anachechemea. Nilichukua fimbo. Sikuwa na nia ya kumtisha, nilikuwa na nia ya kumvunja. Hakukimbia. Alimwamkia mama shikamoo, mama akageuza uso. Akakaa juu ya jiwe la kusagia, akaniambia, "Utanipiga, sawa. Lakini niambie kwanza, ile pete ulikuwa unaipaka nini?"

Nikasema, "Samli. Kwani nini?"

Akasema, "Na samli si mafuta?" Kaka, fimbo ilinidondoka.

Akanieleza yote, polepole, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Kwamba Bwana Miwani aliwaambia, wewe na yeye mmesimama pamoja, pete hii isiguswe na mafuta ya aina yoyote. Uliambiwa! Ulijua! Ukaja kwangu ukasema niitunze kama ngozi, wewe uliyekuwa ukiniona kila siku ya Mungu nikipaka ngozi samli. Maneno mawili tu yangetosha: usiipake mafuta. Ulikuwa na haraka, au ulikuwa bado unaona haya kwa kile kicheko, au uliona mchunga ng'ombe hana haja ya kuambiwa sababu. Sijui. Ndilo ninalokuuliza, na hutanijibu.

Nikamuuliza, "Pale lamboni mlipofungua kitambaa?"

"Harufu ilitupiga wote wawili," akasema. "Danieli aliibonyeza kwa kidole gumba, ikazama. Nikamwambia, twende tumwambie Bwana. Akasema, atauliza nani. Nikamwambia, basi mdogo wako ana ya ngozi mkobani, tuiloweke hapa hapa. Akasema, atauliza kwa nini tunabadili, na yule mkubwa yupo, na askari wapo, watamlaza mdogo wangu leo leo wampige viboko ishirini na tano. Nikamwambia, sasa utaingiaje na kitu hiki? Akasema, ni dakika tano tu, itahimili. Akakutazama ulivyokuwa unasugua ng'ombe. Akasema, 'Huyu hajapigwa na mtu tangu azaliwe. Hatapigwa nikiwa hai.'"

Nikiwa hai! Uliishi muda gani baada ya hapo, kaka?

"Na wewe," nikamwambia, "kwa nini ulisema mafuta ni yako?"

"Kwa sababu Bwana alikuwa anauliza nani, na wewe ulikuwa pale chini umemkumbatia. Na nilikuwa nimemwahidi sitakutaja." Akavua kanzu yake. Sikuandikii nilichokiona mgongoni mwake. Wewe unajua kiboko kinavyofanya, na ongeza mnyororo wa mwaka.

Nilimwambia mama siku hiyo hiyo, Asumani akiwa bado amekaa pale. Nilisema yote, kwa sauti ile ile niliyoitikia laana yake. Mama hakulia. Alitia maji mdomoni, akamwendea Asumani, akamrushia kifuani na mgongoni kama tunavyoondoa laana, mara nne, akamwita mwanangu. Mimi akaniambia, "Kibuyu kilikuwa changu. Nilikuona unachota kila jioni, nikafurahi." Tangu hapo hajatengeneza samli. Maziwa tunakunywa tu, yakizidi tunawapa mbwa.

Bwana Miwani alikwenda kwao likizo, watu wanasema atarudi. Lile tangi lipo pale pale nyuma ya nyumba yake, kuku wa mpishi wanatagia ndani. Naye namchukia, usidhani nimemsahau na saa yake. Lakini yeye hakunijua, wala mimi sikumjua. Wewe ulinijua.

Ungesema panya! Kaka, ungesema panya wameitafuna, imeharibika, tuahirishe. Panya gani aliwahi kupigwa kiboko? Ungesema unaumwa tumbo. Ungemwacha Bwana Miwani aingie mwenyewe! Ulikuwa na ulimi wa Kijerumani, wa Kiswahili na wa Kigogo, na siku hiyo ndimi zote tatu zilikaa kimya, ukaja kuniambia nimeitunza vizuri. Ulinionea huruma kama ndama. Nilikuwa mwanamume, nina mke, nina ng'ombe wangu, na hukuniuliza.

Kila mtu hapa sasa ananiambia, ndugu yako alikupenda, mshukuru. Siwezi. Asumani hawezi kulala chali. Mama anakaa na vibuyu vitupu. Na mimi naoga mtoni, wenzangu wananitazama mgongo, mzima, laini, na ninajua wanachowaza.

Ishirini na tano, Danieli. Ningelala kifudifudi mbele ya yule mkubwa na mwavuli wake, wangenishika mikono na miguu, ningelia kama mtoto, watu wote wa Ihumwa wangeniona. Kisha ningeinuka, nikakusanya ng'ombe wangu wanne, ukachukua koti lako, tukarudi nyumbani wawili.

Pumzika, kama huko kuna kupumzika. Sijakusamehe.

Mimi,
Mdogo wako